Karatasi ya Ndani

Tarehe 9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na Mama naye, ambaye najua hapa anaposikiliza ana pasi mkononi na sikio moja kwako, shikamoo. Mama, endelea kusikiliza lakini angalia kola za watu.

Mimi ni mzima wa afya. Kikohozi kimekwisha. Chumba bado ni kile kile nyuma ya mtambo wa kuchapa kadi za harusi, ukuta unatetemeka tangu saa mbili asubuhi, na kikombe changu kimeshajifunza kutembea mezani. Kazi dukani kwa Bwana Miwani inakwenda vizuri. Tulimpokea mwalimu mmoja mama mtu mzima ambaye kwa miaka minne alikuwa akivaa miwani ya marehemu mumewe, akiamini macho ya wazee yote ni yale yale. Nikamsagia vioo vyake mwenyewe. Alipovivaa alitazama kucha zake, akatutazama sisi, akasema, "Kumbe nyie ni watoto hivi!" Bwana Miwani, na mvi zake zote, alitembea kifua mbele siku nzima.

Gitaa napiga Jumapili tu, kupoteza mawazo.

Msalimie Kobe, huyo fundi wako wa msasa. Mwambie dawati halina miguu ya kumkimbia, apumzike.

Ni mimi, Chiriku wenu.

Karatasi ya ndani

Mjomba, hii usiisome kwa sauti. Ifiche kwenye mfuko wa aproni, panapokaa penseli, kama ulivyokuwa ukizificha zile za bwenini, nilipokuwa naandika barua moja ya kusomewa Mama na karatasi nyingine ya kukwambia wewe kweli.

Kweli ni kwamba sijasaga kioo tangu tarehe sita Januari. Nimeacha kazi. Habari ya yule mwalimu ni ya Novemba, niliiweka akiba nikijua nitakosa cha kuandika. Bwana Miwani aliniuliza, "Mjomba wako anajua?" Nikamjibu, "Anajua." Jibu lilitoka haraka mpaka mwenyewe nikashtuka.

Nataka kuimba, Mjomba, iwe ndiyo kazi yangu ya Jumatatu mpaka Jumatatu. Nina nyimbo kumi. Tatu ni nzuri, nne zinavumilika, zilizobaki nazipenda kwa sababu ni zangu. Asubuhi natunga, jioni naimba kwenye kumbi watu wakila na kupeana chumvi mbele yangu. Siogopi shida. Ninachoona ni aibu. Mama anawaambia wateja wake kwamba binti yake anawapa watu macho. Nitamwambiaje kwamba binti yake sasa anawapa watu kelele wakati wa chakula?

Usimwambie.

*

Tarehe 2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika na nimeisoma hadharani, sauti juu, mama yako akacheka habari ya mwalimu mpaka akaweka pasi chini. Anasema umekonda, eti anasikia kwenye maandishi. Anasema pia ule vizuri, ufunge dirisha, na umsalimie mwajiri wako.

Huku tuna madawati sitini ya shule na mbao walizotuletea ni mbichi. Ukiigonga msumari leo, kesho imepinda inakuangalia. Kobe amemaliza madawati manne kwa wiki tatu. Salamu zako amezipokea, amesema atazijibu akipata nafasi.

Mjomba wako.

Karatasi ya ndani

Mama yako hutaka kunisikia nikisoma ninachoandika kabla sijafunga bahasha, kwa hiyo nami nina ya ndani.

Yako nimeisoma nimesimama, mara mbili. Ya kwanza nilikasirika. Kwa Bwana Miwani nilikwenda mara tatu, kofia mkononi, ya tatu nikambebea na kabati la vioo nililomtengenezea kwa mkono wangu, ili akuchukue. Halafu nikasoma pale uliposema unaona aibu, hasira ikanitoka. Aibu naijua. Kaa nikwambie habari ya mtu aliyemdanganya mama yako kukushinda wewe.

Unajua kwamba babu yako na mama yako walikuwa hawasemeshani tangu alipobeba mimba yako akaacha chuo cha uuguzi. Miaka minne. Hakuwahi kukushika mkononi. Siku anakata roho niliitwa mimi. Nilifika hospitali saa nane mchana na supu ya mgonjwa kwenye chupa ya kutunzia moto, ile ya kifuniko cha buluu kilichofungwa kwa uzi. Muuguzi akaniambia, "Ingia, anaulizia watu wake." Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikasikia anavyovuta pumzi. Mwanangu, miguu ilikataa. Nikakaa kwenye benchi nje ya wodi, nikajiambia nitaingia akitulia. Mikono ikakosa kazi. Nikafungua uzi, nikainywa ile supu. Niliinywa yote. Nilipokuwa narudisha kifuniko, muuguzi akatoka akanipa pole.

Nyumbani mama yako alinipokea mlangoni, amekubeba mgongoni. Hakuuliza amekufa saa ngapi. Aliuliza, "Kasemaje?" Nikamwambia, "Kasema amekusamehe."

Akaanguka chini kwa kilio, kisha akasimama, na tangu siku ile akawa mtu. Miaka kumi na tisa anaishi na neno ambalo halikusemwa na mtu yeyote. Ndiyo sababu hunisikii nikimtaja babu yako. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu mimi sijaona mwisho wake. Wewe umeingia juzi tu, geuka urudi. Mwambie mama yako umeacha kazi, uimbe ukiwa huru.

Hii hakuna aliyewahi kuisikia. Ichome.

*

Tarehe 20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na Mama shikamoo. Nisameheni kwa kimya, kazi imenizidi. Dukani wateja ni wengi, Bwana Miwani anawasalimu sana. Mtambo wa kadi uliharibika siku mbili na mimi nikakosa usingizi kwa ukimya.

Jumapili moja nilirekodi wimbo kwa mtu mwenye mitambo yake, mchezo tu. Wala si wa kusikiliza.

Mjomba, redio ya karakana usiwe unaifungua sana. Vumbi la mbao litaiua.

Chiriku.

*

Tarehe 12 Mei

Binti,

Sijambo. Mama yako hajambo. Hii ni karatasi moja tu, sijamsomea.

Bahasha yako niliikung'uta, nikaichana pembeni, nikatia kidole. Ya ndani haikuwemo. Nikasema labda umekua.

Wiki iliyopita Kobe alikuwa akipiga msasa huku anaimba kwa pua. Kobe huimba anachosikia redioni, nusu yake hukosea, kwa hiyo sikumjali. Lakini nikasikia supu. Nikasikia benchi. Nikamuuliza, "Umetoa wapi hiyo?" Akasema, "Fundi, unaishi wapi wewe? Mji mzima unauimba." Saa kumi ukapigwa. Nikaijua sauti kabla ya maneno. Mafundi wote waliacha kazi wakausikiliza, randa mkononi, na ulipoisha Kobe akasema, "Huyo jamaa wa kwenye benchi ni mshenzi, ila namhurumia." Nikamwambia azime. Akadhani natania, akaongeza sauti.

Umenivua nguo, halafu ukapigiwa makofi. Nilikuandikia ile karatasi ili aibu yako ipate pa kujificha, ikae nyuma ya yangu iliyo kubwa zaidi. Sikukupa uimbe. Hata uzi wa kwenye kifuniko umeutia.

Mama yako hana redio. Shukuru kwa hilo, kama bado unajua kushukuru.

Mjomba wako.

*

Tarehe 25 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sikuulizi habari za nyumbani maana sina uso wa kuziuliza.

Karatasi sikuichoma. Niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Siku moja nilikuwa nafanya mazoezi ya sauti, nikakosa maneno, nikaimba ya kwako, na ya kwako yakakaa kana kwamba yaliletwa kwa ajili ya ile sauti. Nikajiambia, huu ni wa chumbani tu. Kisha nikaenda kwa yule mwenye mitambo. Zile nyimbo zangu kumi alizisikiliza kidevu mkononi. Nikaona naanguka. Nikauimba huo wa kumi na moja, akanyanyuka akafunga mlango, akasema, "Anza upya."

Nilijidanganya kwamba hamna jina la mtu ndani yake. Niliigeuza buluu ya kifuniko ikawa nyekundu nikusitiri. Nikauimba hivyo mara mbili, nikaona hauna uhai, nikairudisha buluu. Ndivyo nilivyo, Mjomba. Nilikupima wewe na wimbo, nikachagua wimbo, na nilijua ninachofanya.

Nimekwenda redioni kuomba usipigwe tena. Mtangazaji alicheka, akaniomba picha. Naweza kuacha muziki. Naweza kurudi kwa Bwana Miwani nikapiga magoti. Sema neno moja nitafanya. Barua ya Mama nimeianza mara nne, zote zimeishia kwenye shikamoo.

Nisamehe. Najua neno dogo.

Mpwa wako.

*

Tarehe 21 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Sikujibu mapema kwa sababu kila nilipokaa niandike lilitokea jingine. Madawati tumeyakabidhi. Kobe amepata mtoto wa kike, mzaha wa kwamba alichelewa hata hapo ameshafanyiwa na kila mtu, usijisumbue.

Mama yako ameusikia.

Alikwenda kupeleka taulo kwa kinyozi wa pale njia panda. Redio ilikuwa wazi, wateja wanabishana mpira. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Mama yako aliposikia ile sauti alipiga kelele, "Nyamazeni! Huyo ni mwanangu! Ni mwanangu huyo!" Watu wakanyamaza kwa heshima. Kinyozi akazima mashine. Mama yako akasimama katikati ya duka na taulo zake, anacheka, anatazama watu mmoja mmoja. Ukafika pale pa chupa. Kinyozi anasema alikaa kwenye kiti cha kunyolea bila kukaribishwa, akatulia mpaka ukaisha, akaondoka na taulo zake bila kuziacha.

Kuna jambo sikukuandikia Machi. Mdomo ulikuwa mzito hata kwenye karatasi. Supu ile alipika yeye. Ule uzi aliufunga yeye. Alisema babu yako asiambiwe nani kapika, anywe tu. Nami niliporudi, baada ya lile neno la msamaha, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Na supu?" Nikamwambia babu yako aliimaliza yote na kusema imekolea.

Alikuja karakanani kutoka kwa kinyozi. Mafundi wapo. Hakunitukana, ningeshukuru angenitukana. Aliniuliza, "Ulikunywa wewe?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Basi sikusamehewa." Akaenda zake.

Tangu hapo, majuma matatu, hajanisemesha. Barua yako ya Mei niliipeleka, ile ya aibu yako, maana sina tena cha kumficha. Alisema, "Iache dirishani." Hakuniambia nisome. Kila asubuhi napita pale kwake naona mvuke wa pasi. Nafika mlangoni, nainua mkono nibishe hodi, nageuka. Kobe ananiuliza kwa nini nachelewa kazini. Ona mambo, Kobe ndiye ananiuliza mimi.

Wewe sikukasirikii tena. Ningekasirika ningepata mahali pa kuiweka hii aibu, lakini ni yangu, ilikuwepo kabla hujaota meno yote. Kuhusu kuacha muziki usiniulize. Mbao ikishakatwa fupi fundi hana dawa ya kuirefusha. Umeimba, umesikika.

Mjomba wako.

*

Tarehe 9 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Habari za kazi, na hongera kwa Kobe.

Mama yuko huku. Hakuniarifu. Juzi Jumapili nilikuwa naimba saa kumi kwenye ukumbi wa chuo cha ualimu, umejaa mpaka madirishani. Nimemaliza wimbo wa pili, nikamwona kwenye kiti cha nyuma karibu na mlango, begi magotini, amevaa lile gauni lake la kijivu alilolinyoosha mpaka mikono inasimama. Vidole vyangu vilipotea kwenye nyuzi. Watu wakadhani ni madoido, wakashangilia.

Nikaruka ule wimbo. Niliimba nyingine zote, hata zile za kuvumilika. Ukumbi ukaanza kudai, "Benchi! Benchi!" huku wanagonga meza. Nikasema sauti imechoka. Wakagonga zaidi. Basi Mama akasimama. Watu wa karibu naye walidhani anatoka, wakampisha. Akasema, bila kupaza sauti, "Imba. Nimepanda gari tangu alfajiri nije nikusikie unaniambia mwenyewe."

Nikaimba. Nilitazama sakafu. Nilipofika pale ndugu anaposimama mlangoni na kumwambia dada yake, "Kasema amekusamehe," watu wote wakaupokea. Huupokea kila mara, ndipo wanapopapenda, na hurudia mara tatu. Mjomba, watu mia mbili walimwimbia mama yangu kwamba amesamehewa, wala hawajui wanamwambia nani. Wengine walikuwa wamemgeukia kwa sababu ndiye aliyeuomba. Msichana mmoja alimshika bega, akamwimbia usoni huku anatabasamu.

Nikwambie aibu yangu yote, maana wewe uliniambia yako. Waliporudia mara ya tatu nilisikia jinsi sauti zao zilivyopanda pamoja, na kipande cha moyo wangu kikafurahi. Mama yangu anakufa kwenye kiti, na mimi nafurahi. Nimejua siku ile kwamba sitaacha kuimba, na nimejua nakuwa mtu wa aina gani nikiimba hivi.

Baadaye tulikaa nyuma ya ukumbi kwenye ngazi. Nilimwambia mwenyewe kwamba nimeacha kazi tangu Januari. Akasema, "Hilo nilijua. Mtu hasagi vioo halafu akaandika barua nzima bila kutaja mteja mpya." Barua yangu ya Mei, ile uliyomwachia dirishani, ameisoma. Alisema, "Kazi umeichagua, ifanye. Ila siku ukitaka habari zangu, njoo uniulize mimi. Usizichukue kwenye mifuko ya watu." Nikamuuliza kama wimbo niuache. Akasema nisiuimbe mpaka yeye aseme, na huenda asiseme. Nimekubali. Mwenye mitambo amenifokea, kasema nimejifungia mlango mwenyewe. Labda ni kweli. Jumapili ijayo naimba zile tatu nzuri tuone nani atabaki ukumbini.

Jana alikaa kutwa kitandani kwangu akisikiliza ukuta unavyotetemeka. Hakulia. Kuna wakati alisema, kana kwamba anajisemea, "Mtu angeingia kwa Baba, labda Baba angesema. Labda asingesema. Sasa sitajua."

Nilimuuliza nikuandikie nini. Akasema, "Mwambie asiniletee neno la mtu mwingine tena, awe hai awe maiti. Akiwa nalo la kwake, aje nalo."

Anarudi Jumatano ya wiki ijayo kwa gari la alfajiri. Atakuwa nyumbani kabla ya saa kumi na moja, na mlango, kasema, hataufunga. Mjomba wangu, sijui atakupokeaje. Inawezekana akakufukuza. Lakini usikae nje ukisubiri atulie. Safari hii ingia.

Mpwa wako.